Usiwaulize Wazee Historia: Namna ya Kukusanya Habari za Kale za Makwasinyi

Ukimwendea mzee wa Makwasinyi, ukamwamkia na kumwambia, "Tusimulie historia ya kijiji," atakupa hotuba. Ataanza na ukoo uliotangulia, ataingia kwa machifu, atagusa Uhuru, kisha atamalizia kwa kuwalaumu vijana wa siku hizi. Hadanganyi. Hotuba hiyo ameitoa matangani na harambeeni hadi imeshika umbo lake, na kila anayeuliza hupewa iyo hiyo. Mwulize badala yake: "Ulipokuwa na umri wa huyu mjukuu wako, maji mlichota wapi, na mlipita njia gani?" Kwa swali hilo hana hotuba. Itambidi akumbuke.

Msingi wa mbinu zote zinazofuata ni huo. Habari za kale za kijiji zimekaa ndani ya kazi za watoto. Mtoto wa miaka ya 1940, 1950 au 1970 alikuwa mfanyakazi: alichota maji, alichunga mbuzi, aliokota kuni, alifukuza tumbili na ndege shambani, alitumwa kijiji cha pili kupeleka habari. Kazi hizo zilifanywa kwa miguu, mahali pamoja palepale, siku baada ya siku. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kusahau nani alichaguliwa diwani mwaka gani anakumbuka jiwe alilotua mtungi wake akipumzika, na upande wa jiwe hilo uliokuwa na kivuli asubuhi. Wachoraji ramani wa serikali hawakujua habari za jiwe hilo, na wapiga picha hawakulipiga. Ukilipata, umepata kitu kisichoandikwa popote.

Makwasinyi ni mojawapo ya vijiji vilivyouzunguka Mlima Kasigau, pamoja na Rukanga, Jora, Bungule, Ngambenyi na Kiteghe. Msafiri anayetoka Voi hushika barabara ya Mombasa hadi Maungu, akaiacha lami na kuingia nyika ya Tsavo, na mlima huo wa zaidi ya mita 1,600 huwa unamtazama njia nzima. Mbinu nitakazoeleza nimezifunga na mahali hapa, ila zinaweza kutumika Sagalla, Mbololo, Mwatate au kwingineko kokote ambako bado wako watu wanaokumbuka.

Kwanza pata karatasi

Kabla ya kumwendea mtu yeyote, tafuta ramani ya 1:50,000 ya eneo lako. Hizi ndizo ramani za topografia zinazoitwa mfululizo wa Y731, na huuzwa na ofisi ya serikali ya upimaji, Survey of Kenya, huko Ruaraka, Nairobi. Sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini, na mistari ya miraba iliyopita juu yake imeachana kilomita moja moja. Kwa kipimo hicho utaona vijito, njia za miguu, shule, na mistari ya mwinuko inayobanana pale mlima unaposimama wima.

Ramani hizi zina asili yake, na ni vizuri kuijua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa London mwaka 1946 ikazitumia kuchora ramani. Kwa hiyo mchoraji alikuwa Uingereza, akitazama kijiji kutoka juu. Alichokiona wazi alikichora vizuri: mto, jabali, shamba lililofyekwa. Kilichofunikwa na miti hakukiona, na majina aliletewa na mtu wa ardhini aliyeyasikia kwa sikio lake. Ndiyo sababu unaweza kukuta jina la kilima limeandikwa mahali pa kijito, au jina la Kitaita limepoteza sauti ya "gh". Usilisahihishe kwa kufuta. Andika jina la wenyeji pembeni, uliache na lile la ramani, kwa maana anayekuja kutafuta faili Nairobi atalihitaji lile lililokosewa.

Karatasi yenyewe ifunike kwa nailoni angavu, ile ya kufunikia vitabu vya shule, na uandike juu ya nailoni kwa kalamu ya wino mzito. Kila mzee mpe rangi yake au nailoni yake. Mwisho wa siku utaweza kuzipandanisha na kuona ni wapi wanakubaliana na wapi wanapishana.

Jambo la kiufundi ambalo huwachanganya wengi: ramani za zamani za Kenya zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, na simu yako inatumia WGS84. Ukichukua namba za mahali kutoka kwenye ramani na kuziingiza katika simu bila kubadilisha mfumo, utapelekwa kama mita 300 kando, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Umbali huo unatosha kukutoa kwenye kisima kimoja hadi kingine, ukarudi nyumbani unasema mzee amechanganyikiwa. Programu nyingi za ramani zina mahali pa kuchagua mfumo. Chagua kabla hujatoka.

Ramani za kale zaidi zinapendeza macho na zina manufaa machache, lakini hayo machache ni makubwa. Mmishonari Johannes Rebmann alitoka Rabai mwezi Oktoba 1847 akafika kwenye mlima huu, miezi saba kabla ya kuiona theluji ya Kilimanjaro mnamo Mei 1848. Katika maandishi yake na katika ramani zilizofuata, Kasigau inaitwa Kadiaro, na Sagalla inaitwa Ndara. Usipolijua hilo utapekua makusanyo ya ramani siku nzima ukiandika "Kasigau" na kuambiwa hakuna kitu. Andika Kadiaro. Maktaba ya Uingereza huko London nayo imeweka mtandaoni mamia ya ramani za Idara ya Vita zilizochorwa Afrika Mashariki tangu mwisho wa karne ya 19, nyingine zikiwa michoro ya mkono ya maofisa waliokuwa wakitembea na misafara. Kwenye michoro hiyo tafuta vitu viwili, maji na njia. Ofisa mwenye wapagazi mia kadhaa hakuweza kukosea kisima.

Sasa tembeeni

Kosa la wengi ni kumkalisha mzee chini ya mwembe na kumwekea simu ya kurekodi mbele ya uso. Kama bado ana miguu, tembeeni. Chagueni kazi moja ya utoto, tuseme kwenda kuchota maji, na muifuate njia yake kutoka nyumba alikozaliwa hadi majini. Nenda na mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kuandika tu, na kama inawezekana awe mtoto wa darasa la sita au la saba. Mzee akiwa na mtoto huongea tofauti na anapokuwa na mtafiti: hueleza vitu vya wazi ambavyo angedhani wewe unavijua.

Njiani usiulize "mwaka gani." Uliza vitu vinavyoshikika. Mlibeba maji kwa mtungi, kibuyu, debe au mtungi wa plastiki? Nani alitangulia na nani alifuata nyuma? Mlipokuta ndovu mlifanyaje? Nyumba ya kwanza mliyoipita ilikuwa ya nani, na paa lake lilikuwa la nyasi au mabati? Ni wapi hamkuruhusiwa kupita? Swali hilo la mwisho liulize kwa upole, ukubali jibu fupi. Mara nyingi katazo la utotoni ndilo linaloonyesha mpaka wa shamba la mtu, kaburi, au fighi, yaani msitu mtakatifu ambao Wataita waliuhifadhi kwa maombi na kinga.

Kila mnaposimama, weka alama kwenye simu, piga picha pande nne, na uandike maneno machache aliyoyasema kwa lugha aliyoyasemea. Kama ni Kitaita, yaandike kwa Kitaita. Tafsiri itafanywa baadaye, jioni, mkiwa mmetulia.

Kwa yule asiyeweza kutembea, tumia mchanga. Mpe kijiti achore nyumbani kwao uani, kisha aongeze njia moja moja. Mchoro wa mchanga unafutika bila aibu, kwa hiyo mtu huthubutu kusahihisha, jambo ambalo hatalifanya kwenye karatasi uliyomkabidhi kwa heshima. Upige picha kutoka juu kila anapoongeza kitu. Baada ya hapo ndipo umletee ramani. Ukianza na ramani ataanza kusoma ulichonacho wewe, na wazee waliosoma enzi za mkoloni huiheshimu karatasi ya serikali kupita kiasi.

Wakutanishe pia wawili waliochunga pamoja, kaka na dada ikiwezekana. Watabishana. Mmoja atasema kijito kilikuwa na maji mwaka mzima, mwingine atasema kilikauka kila Agosti. Usiwe mwamuzi. Wavulana waliochunga walinyweshea mbuzi sehemu ya juu, wasichana walichota sehemu ya chini, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Andika ubishi wenyewe na uandike nani alikuwa akifanya kazi gani.

Babu aliyezaliwa Malindi

Utakapokuwa ukikusanya habari Kasigau, kuna sentensi ambayo lazima uisikilize kwa makini: "Babu yangu alizaliwa Malindi." Mgeni ataiandika na kuendelea. Lakini Malindi iko mbali, ng'ambo ya nyika, na Wakasigau hawakwenda huko kutafuta kazi.

Mwaka 1915 vita vya Waingereza na Wajerumani vilikuwa vimefika hapa. Vikosi vya Wajerumani vilivuka mpaka kuja kulipua reli ya Uganda, na mwezi Agosti mwaka huo viliiteka kambi ya Waingereza iliyokuwa Kasigau. Serikali ikawatuhumu wenyeji kwamba ndio walioonyesha njia. Jamii nzima ikang'olewa mlimani na kupelekwa uhamishoni Malindi, ambako wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Baadaye walionusurika waliletwa upande wa Mwatate, na ni miaka ya 1930 ndipo walipopata kurudi kwenye mlima wao.

Kwa mtafuta historia ya kijiji, jambo hili linageuza mbinu yote. Kwanza, linakwambia utafute wapi. Mtu atakwenda Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, lile jengo la zamani la benki kwenye barabara ya Moi jijini Nairobi, na kuomba faili za wilaya ya Taita peke yake. Faili hizo zipo, zimepangwa chini ya herufi DC/TTA, na ni za kuanzia. Lakini kwa miaka ya uhamisho, watu wa Kasigau walikuwa chini ya ofisi nyingine. Omba pia faili za mkoa wa Pwani, zenye alama PC/Coast, na zinazohusu Malindi. Karatasi hufuata watu walikopelekwa. Ukizipata, zisome ukijua kwamba aliyeziandika ndiye aliyehamisha: atakupa idadi na tarehe, hatakupa kilio. Kilio utakipata kwa wajukuu.

Pili, linakuonya kuhusu ramani. Ramani iliyochorwa watu wakiwa uhamishoni inaweza kuuonyesha mlima bila kijiji hata kimoja. Mtu asiyejua habari za 1915 ataiona na kusema hapa palikuwa nyika tupu. Ukisikia hoja ya namna hiyo katika mjadala wa ardhi au wa mpaka wa ranchi, uliza ramani ilichorwa mwaka gani kabla ya kuuliza inaonyesha nini.

Tatu, linakupa swali la kuwauliza waliozaliwa miaka ya 1930 na 1940, ambao wazazi wao ndio waliorudi: mlipokuwa watoto, ni sehemu gani za mlima ambazo wazee waliziita "kwetu kwa zamani," ingawa hakuna aliyekuwa akiishi huko? Juu ya vijiji vya leo kuna mapango, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji na mabaki ya mazizi. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake walifanya utafiti katika mlima huu, pamoja na Bungule na Makwasinyi, wakaandika juu ya kuta hizo, ufuaji wa chuma na biashara iliyowaunganisha watu wa nyika na miji ya pwani. Wachungaji wadogo waliyajua mapango hayo kwa sababu walijificha mvua humo. Muulize mchungaji, kisha umsome mtaalamu.

Ukifika penye mabaki hayo, usichimbe na usichukue kitu, hata kigae. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakataza, na kigae kilichotolewa mahali pake hakisemi chochote tena. Piga picha, weka alama, toa taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa. Na kuna mapango ambayo hayapigwi picha kabisa. Wataita walikuwa na desturi ya kuhifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango, na anayekuonyesha njia ya huko amekuamini. Andika kwamba pango lipo, usiandike liko wapi.

Picha za sandukuni

Picha nyingi za Makwasinyi haziko katika hifadhi yoyote. Ziko ndani ya masanduku ya bati, bahasha za kahawia, fremu zilizotundikwa sebuleni na Biblia za akina nyanya. Ukiziomba kuondoka nazo utanyimwa, na ni haki yao kukunyima. Nakili papo hapo. Itoe picha nje, kwenye kivuli cha ukuta ambako mwanga ni wa kutosha na jua haliigusi. Ilaze bapa juu ya kitambaa cha rangi moja, shika simu sambamba nayo, zima taa ya simu, weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Kisha igeuze upige mgongo. Mgongoni ndiko kuliko na muhuri wa studio, tarehe ya kalamu, au salamu kwa ndugu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue. Ipige hivyohivyo kwa kuinamisha kioo kidogo hadi mng'ao uondoke.

Halafu uliza waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, na uandike hapo hapo. Wengi huishia hapo, na mimi naona ndipo kazi inapoanza. Waache watu, tazama nyuma yao. Mpiga picha alimkusudia bibi harusi, lakini kamera ilichukua pia jiko, ua, mti na kipande cha mlima. Onyesha kwa kidole: hii nyumba ni ya nani? Mti huu bado uko? Hapa nyuma palikuwa shamba au pori? Majibu utakayopata hapa ni yale ambayo mwenye picha hajawahi kuulizwa.

Kuipa picha mwaka, tafuta vitu visivyojua kusema uongo. Gari lenye namba inayoanza na KAA na kuishia na herufi haliwezi kuwa kabla ya 1989. Za KBA zilianza 2007 na za KDA 2020. Bendera ya taifa ikipepea shuleni, umevuka Desemba 1963. Noti au sarafu za Kenya yenyewe zikionekana mkononi, umevuka 1966. Nyasi zikiwa kijani na mahindi yamesimama, huenda ni mwisho wa mwaka, kwa maana katika nyika hii mvua za vuli ndizo za kutegemewa zaidi. Hata kivuli ni shahidi: Kasigau iko karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la saa sita mchana hukaa upande wa kaskazini na vivuli huangukia kusini. Picha ya mchana ambayo vivuli vyake vinaelekea kaskazini ilipigwa katika miezi mingine.

Kuirudia picha ni kazi tamu kuliko zote. Ukiwa na picha ya zamani inayoonyesha mlima kwa nyuma, unaweza kusimama pale pale aliposimama mpiga picha. Mlima haujasogea. Chagua vitu viwili vilivyo umbali tofauti, mathalani jabali la karibu na ncha ya mlima ya mbali. Katika picha, ncha inatokeza upande gani wa jabali? Sogea kushoto au kulia hadi viwili hivyo vipangane kama kwenye picha. Kisha tazama ukubwa: jabali likionekana dogo mno ukilinganisha na mlima, songa mbele, likiwa kubwa mno, rudi nyuma. Usikuze kwa simu, tembea. Mibuyu inasaidia sana kwa kazi hii kwa sababu huishi karne nyingi na haibadiliki umbo haraka. Mbuyu mmoja uliomo katika picha ya 1950 na bado umesimama ni alama nzuri kuliko nyumba kumi.

Kwa picha zilizopigwa na wageni, anza na za wamishonari. Wale wa Church Missionary Society (C.M.S.) walikuwa Sagalla tangu 1883, na Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bura 1892. Picha za wamishonari wengi waliofanya kazi Afrika zimekusanywa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California. Za vita vya 1914–1918 ziko katika Imperial War Museum, London. Tarajia kuona zaidi reli, askari na farasi. Kijiji huonekana pembeni, bila jina, na wewe ndiye utakayelijaza.

Macho ya angani

Zile picha za ndege zilizotumiwa kuchora ramani bado zipo, na sehemu kubwa iko Edinburgh katika hifadhi ya taifa ya picha za angani. Zilipigwa zikipishana kwa zaidi ya nusu, hivi kwamba picha mbili jirani zikitazamwa pamoja kwa miwani maalumu ardhi hunyanyuka na kuonekana mwinuko wake. Hutozwa ada. Kama mfuko hauruhusu, Marekani ilifungua mwaka 1995 picha za setilaiti zake za kijasusi za Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972, na zile ambazo tayari zimeingizwa katika mfumo wa mtandaoni wa idara yao ya jiolojia hupakuliwa bure. Za Landsat zinaanzia 1972. Ni hafifu, nyumba huioni, lakini msitu wa mlimani na mipaka ya ranchi inaonekana. Zilinganishe na alichosema mzee kuhusu mahali walipokuwa wakichunga.

Kuhusu tarehe za wazee wenyewe, tengeneza kalenda ya matukio ya kijiji na uitundike ukutani. Weka yanayojulikana kote: mafuriko ya 1961, Uhuru wa 1963, kifo cha Mzee Kenyatta 1978, maziwa ya Nyayo ya 1979, njaa ya 1984 na mahindi yake ya manjano, mvua za El Niño za 1997. Kati ya hayo waache wenyeji waongeze yao: shule ilipoezekwa mabati, bomba la maji ya mlimani lilipofika, ndovu alipoua mtu. Mama atakwambia, "Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili wakati wa mahindi ya manjano," na kutoka hapo utapata mwaka wa vitu vitano. Aliyefanya mtihani wa KCPE, usimbishie umri: mtihani huo ulianza 1985.

Kuweka

Kila picha, sauti na mchoro upe jina la faili lenye mwaka, mahali, aliyetoa na namba, kwa mpangilio mmoja usiobadilika. Nakala tatu zikae mahali patatu. Simu moja si mahali pa kuhifadhi. Nakala ya kuchapishwa iende shule ya msingi, kwa sababu watoto ndio watakaoleta nyumbani swali ambalo wewe hukuliuliza. Familia iliyotoa picha ipewe nakala safi iliyochapishwa kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona, na iulizwe tena kama inakubali isambazwe. Jibu la mwanzo lilitolewa mbele ya mgeni.

Habari zinazogusa mipaka ya mashamba zitenge. Ziandike, lakini usizisome hadharani kabla ya kuzungumza na pande zote mbili, maana kumbukumbu ya njia ya mbuzi ya 1955 inaweza kufika mahakamani leo.

Na pale ambapo ramani inasema hivi, picha inasema vile, na nyanya anasema la tatu, acha yote matatu yakae ukurasa mmoja, kila moja na jina la aliyelisema na mahali alipokuwa amesimama alipolisema. Weka pia nafasi tupu chini yake. Wapo watu wa Kasigau walioko Mombasa, Nairobi na Malindi ambao hawajaulizwa bado, na hurudi nyumbani Desemba.